Maneno Ambayo Mgeni Hakuyasema

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mtafsiri wa kanisa letu huku Kibirichia. Akija mhubiri mgeni, yeye huhubiri kwa Kiswahili, nami nasimama kando yake, hatua moja nyuma, nikiyageuza maneno yake kuwa Kimeru. Wengi wanaokaa viti vya mbele ni kina mama na wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni: kinatosha kuuza gunia la viazi, hakitoshi kuokoa roho. Hivyo ndivyo mchungaji wetu alivyopenda kusema, na watu walicheka kila mara.

Kazi hiyo ina kanuni moja ambayo hakuna aliyenifundisha. Mtafsiri hana nafsi ya tatu. Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Akisema alikuwa mlevi akalala mtaroni, na wewe, ambaye hujawahi kuonja pombe, unawaambia majirani zako kwamba ulilala mtaroni. Akiruka, unaruka. Akisema "Mungu ameniambia", unasema kwa Kimeru, kwa sauti yako mwenyewe, Murungu ameniambia. Hakuna anayesema "anasema kwamba". Ukiingiza "anasema", moto unazimika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kabla ya ualimu kuniingia sawasawa, niliwahi kutuma habari za mashinani kwa redio moja ya huku kwetu, na huko nilifundishwa kinyume cha hayo: kila neno liwe na mwenyewe. Nani kasema, lini, wapi. Nilikuwa mwangalifu sana juu ya hilo redioni. Kanisani sikuwa mwangalifu, kwa sababu kanisani nilipendwa.

Mama yangu alianza kukwamwa na chakula mwezi wa tano, wakati wa kupalilia. Kwanza ilikuwa nyama. Akasema ni meno. Halafu mukimo, na mukimo ni viazi vya kupondwa, chakula cha watoto na wasio na meno, kwa hiyo sababu ya meno ikafa. Nilimpeleka hospitali mjini Meru, akaingizwa kamera kooni, na baada ya siku kadhaa daktari kijana akatuita. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Alisema ni kansa ya koo, kwamba huku kwetu anaziona nyingi, kwamba hii bado iko mahali pa kukatwa, lakini haitangoja. Akatuandikia barua ya kwenda Nairobi, na siku ya kufika ikaandikwa juu ya barua kwa kalamu nyekundu. Mama aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake.

"Nitaenda," akaniambia tukitoka. "Nimezaa watoto sita nikazika wanne. Kisu nitaogopa nini?"

Nayaandika maneno hayo kwa sababu baadaye watu walisema alikuwa mwoga wa hospitali. Hakuwa. Alikuwa amekubali.

Wiki tatu kabla ya siku ya Nairobi, ulifanyika mkutano wa injili kwenye uwanja wa soko. Mhubiri alitoka upande wa Embu, mtu mnene, mpole ukikaa naye chini, na sauti kama trekta akishika kipaza sauti. Nilimtafsiria siku zote nne. Siku ya mwisho, alasiri, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya maduka, na watu walikuwa wamejaa wakiwa wamejifunika leso na makoti. Mhubiri akanyamaza kwanza. Kisha akasema, neno kwa neno, kwa Kiswahili chake cha Embu:

"Mungu ameniambia kuna mama hapa. Ana kitu kwa koo. Mama, umepona."

Hayo tu. Ninayakumbuka kwa sababu kukumbuka ndiyo kazi ya mtafsiri.

Nilijua mama yuko wapi. Alikuwa safu ya tatu, kando ya nguzo ya hema, mkono shingoni. Uwanja mzima uliguna kwa pamoja, nami nikahisi mguno ule ukinipanda kutoka kwenye nyayo. Nikasema kwa Kimeru kwamba Murungu ameniambia kuna mama hapa ana kitu kooni, na kwamba mama huyo amepona. Kisha nikaongeza. Nikasema: "Hutarudi kwa daktari tena."

Mgeni hakuyasema hayo. Yalinitoka kama kikohozi. Watafsiri wote huongeza chumvi. Mhubiri akisema "mbali", wewe unasema "mbali, mbali sana, ng'ambo ya mlima". Ni ladha ya lugha. Ile haikuwa ladha. Lakini wakati ule mama alikuwa tayari amesimama na mikono juu, wanawake wamemzunguka, na mhubiri amenipiga bega akitabasamu, kwa maana hata yeye hakujua nimesema nini.

Siku ile stima haikupotea. Anayeijua Kibirichia atanielewa. Stima hupotea mvua ikinyesha, hupotea mvua ikikosa, hupotea mtu akiwasha pasi. Katika siku tatu za kwanza za mkutano ule kipaza sauti kilikufa mara tano, na mara tano hizo nilikuwa nikitafsiri mambo ya kawaida kabisa, Zakayo na mkuyu wake. Siku ya nne kilinguruma tangu mwanzo mpaka mwisho.

Asubuhi ya kwenda Nairobi niliamka mapema, nikapiga pasi shati, nikaenda kwa mama. Nilikuta wanawake watatu wa kanisa wameketi jikoni, wamekuja kushukuru pamoja naye. Mama alikuwa amevaa nguo ya nyumbani, anamenya viazi.

"Mama, tutachelewa."

"Tunaenda wapi?"

"Nairobi. Ni leo."

Akaendelea kumenya. "Baba," akasema. Aliniita hivyo maisha yangu yote, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Wewe ndiwe ulisema nisirudi kwa daktari."

"Mama, nilikuwa natafsiri."

Hapo akaweka kisu chini na kuniangalia kama anavyoangaliwa mtoto anayejifanya hajui nani kala sukari.

"Usinidanganye. Mimi si kiziwi. Kiswahili cha kutosha kusikia 'umepona' ninacho. Yule mgeni alisema nimepona, akanyamaza. Mambo ya daktari hakuyasema. Uliyasema wewe. Ndipo nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kwamba Mungu hakuongea na mgeni peke yake. Aliongea na wewe. Mgeni nisingemwamini. Mgeni simjui, mama yake simjui. Wewe nakujua."

Wanawake wale wakasema amina, kwa sauti ya chini, kama watu walio mbele ya mgonjwa aliyelala. Mmoja wao akaniuliza, kwa heshima, jinsi mtu anavyomuuliza mchungaji, "Mwalimu, ilikuwaje? Ilikuja kama sauti?"

Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yenyewe yalikuwa machache: niliongeza mwenyewe, samahani, vaa viatu twende. Wanawake watatu wangeshtuka, habari ingefika sokoni kabla ya saa nne, na mtafsiri angekuwa amekwisha. Hiyo ndiyo bei niliyoipima, nimesimama pale na shati langu lililopigwa pasi. Nikasema, "Ilinijia."

Ilikuwa kweli. Ilinijia, kama kikohozi kinavyomjia mtu. Lakini kila aliyeokoka anajua neno hilo lina maana gani likisemwa jikoni mbele ya mashahidi. Mama akaokota kisu chake. Nikarudi nyumbani nikavaa nguo za shule, nikafundisha mpaka jioni.

Dada yangu ameolewa Kiritiri, kule chini Mbeere kwenye jua na mbuzi. Yeye na mimi ndio tuliobaki. Aliposikia, alipanda siku iyo hiyo. Mama hakumfungulia mlango wa mazungumzo hata kidogo; alimpa chai, akamuuliza kama kwao mvua imenyesha. Dada akanifuata shambani.

"Wewe ulisomea ualimu ama ujinga?"

"Ameamua mwenyewe."

"Ameamua kwa sababu anadhani umeongea na Mungu. Uliongea na Mungu?"

Nikainama nikang'oa magugu.

"Basi mwambie. Mwambie tu, mama, ile ilikuwa yangu. Maneno manne. Wewe ni mtafsiri, maneno manne yatakushinda?"

"Nitamwambia Jumapili."

"Jumapili gani?" akasema. "Hebu nitajie mwezi."

Nilimwambia nitasema, na nilikusudia. Kila Jumapili ilikuja na sababu yake. Jumapili moja mama alitoa ushuhuda mbele ya kanisa na kumeza kipande cha mkate watu wakiona, na nyumba nzima ya Mungu ikalia. Ningesema siku hiyo? Kwa kweli alikuwa anameza vizuri zaidi. Daktari aliwahi kutuambia kwamba huwa hivyo, siku nzuri zinakuja katikati ya siku mbaya, lakini nani humkumbuka daktari siku nzuri ikija? Hata mimi, niliyejua maneno yale yalitoka wapi, nilianza kujiuliza: na kama kweli yalikuwa yake? Kama Mungu anaweza kumtumia punda, kwa nini asimtumie mwalimu? Nilianza kuamini uongo wangu mwenyewe kwa sababu ulikuwa unanifaa. Wiki mbili hivi nililala usingizi mzuri.

Siku hizo nilikuwa nikishuka Meru kununua mifupa ya supu ya mama. Wakati wa chuo nilipanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha ya mzee mmoja Mwislamu, na Kiswahili changu kizuri nilikipata kwake, si darasani. Alikuwa bado yuko pale pale na shoka lake.

"Mama hajambo?"

"Amepona," nikajibu kwa mazoea.

"Sema inshallah, mwalimu."

"Sisi hatusemi hivyo. Kwetu kusema hivyo ni kukosa imani."

Akapiga mfupa, ukapasuka vipande viwili. "Sisi hata mbuzi tukimwahidi mtu kesho, tunasema inshallah, na mbuzi yuko hapo amefungwa, tunamwona. Nyinyi mnamaliza kazi ya Mungu kabla hajaamka." Akanifungia mifupa kwenye gazeti. "Hii ichemshe sana. Kama amepona, mbona anakunywa supu tu?"

Nikamlipa. Yule mzee alikuwa na imani kuliko mimi na hakuwahi kuiita imani.

Mwezi wa kumi na moja mama aliacha mukimo kabisa. Desemba akaacha uji mzito. Januari alikuwa anakunywa maji kwa kijiko, na kila kijiko kilikuwa kazi ya kuangaliwa na watu wawili. Mashavu yake yaliingia ndani. Dada alihamia kwetu. Tulimbeba kwa nguvu hatimaye hadi hospitali Meru, dada akiwa ndiye mwanamume wa safari hiyo, na daktari yule kijana akamtazama, akatutazama, akauliza barua ya Nairobi iko wapi. Dada akaitoa kwenye Biblia. Bado ilikuwa imekunjwa mara nne. Daktari aliisoma ile tarehe ya wino mwekundu, hakutugombeza, na nilitamani atugombeze. Alisema sasa ni kumpunguzia maumivu.

Niliporudi naye nyumbani ndipo nilipomwambia. Ndiyo, wakati ule, baada ya ukweli kukosa kazi yoyote ya kufanya. Dada alikuwa ametoka kuteka maji. Nikakaa kando ya kitanda nikasema, "Mama, maneno ya daktari niliongeza mimi. Mungu hakuniambia kitu. Sikusikia sauti. Niliona watu wamefurahi nikaongeza."

Aligeuza kichwa polepole juu ya mto. Kisha akasema, na ilibidi niinamishe sikio, "Huyo ni shetani."

"Mama, hapana."

"Anataka kukunyang'anya. Anaona mimi nakaribia kwenda, anataka kukuacha mikono mitupu. Shika pale pale, baba. Nipe mkono."

Nikampa mkono. Akaniombea. Mtu ambaye maji hayapiti kooni alitumia pumzi yake kukemea roho ya shaka ndani yangu, kwa jina la Yesu, mara tatu. Alipomaliza jasho lilikuwa limemtoka. Nikasema amina. Ningesema nini? Nilikuwa nimeujenga ukuta ule mimi mwenyewe, tofali kwa tofali, na sasa niligonga kutoka nje nikitaka nifunguliwe, na aliyekuwa ndani akanihurumia mimi.

Alikufa wiki iliyofuata, asubuhi, ng'ombe wakikamuliwa.

Watu husema kwamba ukifiwa unamkasirikia Mungu kwanza, halafu unarudi. Mimi sikuanza na hasira. Nilianza kama nilivyofundishwa redioni: nani alisema nini. Mhubiri alisema "umepona", na haikuwa hivyo. Mimi nilisema "hutarudi kwa daktari", na kwa miezi mitano ikawa kweli. Mungu alisema nini? Nilipekua siku ile yote kichwani, tangu wimbo wa kwanza mpaka watu wakikunja viti, nikitafuta neno moja ambalo ningeweza kuandika kwamba lilikuwa lake. Sikulipata. Nikaambiwa na wenzangu kwamba Mungu hutenda kimya kimya. Sawa. Lakini siku ile kazi iliyohitajika ilikuwa ndogo kuliko muujiza wowote niliowahi kuutafsiri. Hakuhitajika kumfufua mtu wala kupasua bahari. Angepoteza stima tu, nusu dakika, jambo ambalo kampuni yenyewe hufanya bila maombi. Angenipa kikohozi cha kweli mahali pa kile cha uongo. Kama alikuwa anatenda mambo duniani alasiri hiyo, kwa nini lile likampita? Na kama hatendi mambo ya namna hiyo, basi kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nikiwaambia majirani zangu, kwa sauti yangu, habari za mtu ambaye hayupo mahali tulipowaelekeza.

Kuna jibu la tatu, kwamba hutenda kupitia watu: kupitia daktari kijana, kupitia kalamu nyekundu, kupitia dada aliyepanda kutoka Kiritiri na midomo iliyopasuka kwa jua. Hilo nimeligeuza sana na huenda ndilo ninaloliamini leo. Lakini halinipi raha, kwa sababu likiwa kweli, basi alifanya kila kitu sawasawa, na aliyemzuia ni mimi.

Kwenye mazishi mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Dada yangu, ambaye alikuwa ameketi karibu nami, akasema kwa sauti iliyofika safu mbili, "Hiyo haikuwa kazi yake." Shangazi mmoja akamfunika mdomo kwa leso.

Mwaka uliofuata mhubiri wa Embu alirudi. Nilimfuata nyumbani kwa mchungaji kabla ya mkutano. Alikuwa anakunywa chai, viatu amevua. Nikamkumbusha yule mama wa koo. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nilimwona akitafuta, lakini hakumpata.

"Mwaka ule nilihubiri mahali pengi, mwalimu. Alikuwa wa nani?"

"Wangu. Alifariki."

"Pole sana. Pole." Akaweka kikombe chini. "Na hospitali walisemaje?"

"Hakwenda. Aliambiwa asirudi kwa daktari."

"Na nani?" Macho yalimtoka. "Mimi? Mimi siwezi kusema hivyo. Mimi mwenyewe niko kwa dawa ya presha." Na akaichukua kweli kutoka mfukoni mwa koti, karatasi ya vidonge, akanionyesha, vingine vimeshatolewa. "Hii nikiacha siku mbili, mke wangu ananipigia simu kila saa. Nani alimwambia huyo mama upuuzi kama huo?"

Nikamwambia ni mtafsiri.

Alinitazama kidogo, akaelewa, akachukua chai yake. "Basi tuombe," akasema. Aliomba vizuri. Alipomaliza akauliza, kwa upole, kama nitaweza kusimama naye siku hiyo au atafutiwe mwingine. Nikasema nitasimama.

Nilisimama. Akasema, "Bwana asifiwe," nikasema kwa Kimeru, "Anasema Bwana asifiwe." Watu wakacheka wakidhani nimeteleza. Akasema alikuwa mwizi wa kuku ujanani, nikasema, "Anasema alikuwa mwizi wa kuku." Akasema Mungu amemwambia kuna mtu hapa anayelia usiku. Nikasema, "Anasema Mungu amemwambia kuna mtu hapa anayelia usiku." Sikupandisha sauti wala kuishusha. Baada ya robo saa uwanja ulikuwa umepoa kama ugali wa jana. Mhubiri hakujua Kimeru, lakini anajua watu. Alinigeukia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Unafanya nini?"

"Natafsiri."

Wazee wa kanisa walinikalisha Jumanne. Hawakuwa wakali. Mzee wa kwanza alisema wananielewa, nimefiwa. Wa pili alisema neno "anasema" linaleta mashaka kwa wachanga wa imani. Wa tatu, ambaye ni fundi wa viatu na alikuwa rafiki ya mama, aliniuliza, "Kwani hilo 'anasema' linakusaidia nini? Si ni kitu kimoja? Yeye amesema, wewe umesema."

"Si kitu kimoja."

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

Hakuuliza tena. Wakaamua nipumzike. Nafasi yangu akapewa mwalimu mwenzangu wa kike, anayefundisha darasa la nne, sauti safi, mwenye Kiswahili kizuri na uso ambao kila mzazi wa Kibirichia anauamini, kwa maana amewafundisha watoto wao kusoma.

Bado ninaenda kanisani. Dada ananicheka, anasema mimi ni kama mtu aliyeibiwa anayekwenda kila wiki kulala nyumbani kwa mwizi. Ninaenda kwa sababu sijui mahali pengine pa kumuulizia Mungu. Ninakaa nyuma, na kwa kuwa nina lugha zote mbili, nasikia kila kitu mara mbili, na sikio langu linapima kama pande mbili zinalingana.

Jumapili iliyopita tulikuwa na mgeni mwingine, kijana, wa maneno mengi. Akasema Mungu amemwonyesha mwanamke mwenye uvimbe kwenye ziwa, na kwamba uvimbe unayeyuka. Mwalimu mwenzangu akasema kwa Kimeru kwamba Murungu amenionyesha mwanamke mwenye uvimbe kwenye ziwa, unayeyuka. Kisha akaongeza, "Hawataukata." Lilikuwa neno moja tu, na mgeni hakulisema. Nilimwona usoni wakati linamtoka. Simlaumu. Nalijua joto lile.

Nikatafuta kwa macho. Viti vitano mbele yangu, upande wa wanawake, jirani yangu mmoja, mwenye shamba la karoti kule bondeni, alikuwa amejikumbatia kifua na machozi yanamtiririka.

Nilimngoja nje, kando ya tangi la maji.

"Mama, una tarehe ya kwenda kliniki?"

Akashtuka. Hakuwa amemwambia mtu. "Wiki hii," akasema. "Mbona?"

"Nenda. Lile neno la mwisho, la kukata, mgeni hakulisema. Nilisikia. Ni mtafsiri aliongeza."

Hakukasirika. Alinionea huruma, ile ile niliyokwisha kuiona kitandani kwa mama.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulipatwa na makubwa. Tunakuombea."

"Niombeeni. Lakini nenda."

"Mungu akubariki," akasema, na akawafuata wenzake.

Jumatatu asubuhi nilipita steji kabla ya shule, pale magari ya Meru yanapojaza watu. Nilisimama kando ya muuza mayai nikatazama kila dirisha nikimtafuta yule jirani. Hakuwemo. Jumanne nikapita tena, nikangoja magari matatu, muuza mayai akaniuliza kama nimepoteza mtu. Hakuwemo. Kesho Jumatano nina vipindi kuanzia saa mbili, lakini nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuchelewa.